Roketi ya vipande viwili inayoshuka ikizunguka: uzoefu wangu wa kuijenga na kuirusha

Kwa anayetaka jibu la haraka: inunue kama umeshajenga roketi ndogo za kawaida na sasa unatafuta kitu cha kuumiza kichwa kidogo. Kama hujawahi kushika ubao wa balsa, ule mti laini na mwepesi mno, na msasa, anza na nyingine. Kasha limeandikwa "kiwango cha kati". Mimi ningeandika "kigumu" bila kusita.

Naishi Iowa, katikati ya Marekani, jimbo la mahindi na soya, ambako anga ni wazi na upepo haulali. Huku kurusha roketi za karatasi ni mchezo wa watoto na watu wazima sawasawa. Chama cha kitaifa cha mchezo huu, NAR, kipo tangu 1957, na kanuni zake za usalama ndizo zinazofuatwa viwanjani. Roketi nyingi za aina hii hurudi chini kwa parachuti ya plastiki au utepe. Hii haina parachuti. Ikifika kileleni, chaji ndogo ya baruti iliyo mbele ya injini inawaka, bomba linaachana katikati, na kila kipande kinarudi kivyake. Cha juu, chenye pua, kinafungua mapanga matatu na kushuka kama helikopta iliyozimika injini. Cha chini, chenye mapezi na ganda la injini, kinalala ubavu na kujizungusha kama zile mbegu zenye bawa za mti wa maple zinazojaa uani kwetu kila mwaka, kwa sababu pezi lake moja ni kubwa kuliko mengine na limepindwa kidogo.

Seti inauzwa kama dola 30, injini unanunua mwenyewe. Duka silitaji, maana kasoro nitakazozisema nimeziona kwenye seti nyingi za mtindo huu. Ndani kuna mabomba mawili ya karatasi ngumu, kiungio, pua ya plastiki, mbao za balsa zilizokatwa tayari, bawaba ndogo za plastiki, rababendi, kulabu ya chuma ya kushikilia injini, na kijitabu chembamba kupita kiasi.

Mapanga ndiyo roho ya roketi hii, na ndipo kazi yote ilipo. Balsa hutofautiana uzito hata ikitoka kwenye ubao mmoja. Nilipoyapima kwa mizani ndogo ya dijitali, ile ya kupimia vito, panga moja lilikuwa limezidi wenzake kwa karibu nusu gramu. Unaweza kusema nusu gramu ni kitu gani. Lakini panga linapozunguka mara kadhaa kwa sekunde, tofauti hiyo inageuka kuwa mtikisiko, na mtikisiko unakula mzunguko wote. Punguza panga zito kwa msasa, ukianzia kwenye ncha, mpaka yote matatu yalingane. Kijitabu hakisemi neno juu ya mizani.

Kinachonikera zaidi ni mchoro wa pembe. Ukingo unaotangulia wa panga unatakiwa kuwa wa mviringo, na wa nyuma uchongwe mpaka uwe mwembamba. Panga likishafunguka, ukingo unaotangulia unapaswa kukaa chini kidogo kuliko wa nyuma. Ukiwaza helikopta ya kweli utalifunga kinyume, kwa sababu ile ina injini, na panga lake huinuliwa mbele ili lisukume hewa chini. Hapa hakuna injini. Kipande kinaanguka, hewa inapanda kukutana nacho, na hewa hiyo ndiyo inayozungusha panga. Panga siku zote litakimbilia upande ambao ukingo wake uko chini. Ukikosea upande, kipande bado kitazunguka, ila kitatanguliza ukingo mwembamba na kushuka kwa kasi usiyoipenda. Kijitabu kimeweka mchoro mmoja tu uliochorwa kutokea juu, ambapo kingo zote mbili zinafanana kama mapacha. Mchoro mmoja wa ubavuni ungemaliza mjadala.

Halafu mapanga yasilale bapa kabisa. Yaache ncha zinyanyuke kidogo kuliko shina, kwa sababu mnyanyuko huo ndio unaokirudisha kipande wima kila kinapotaka kulalia upande mmoja. Kwenye seti hii mnyanyuko unapatikana kwa kijiti cha kuzuilia kilicho nyuma ya bawaba, na kijiti hicho kimekatwa vizuri, sina neno. Bawaba zenyewe zigandishe kwa supagluu kidogo sana, tena kwa ncha ya kijiti cha meno. Gundi ikiingia kwenye pini, panga halitafunguka tena. Sehemu nyingine zote za karatasi na mbao tumia gundi ya kawaida ya mbao, ina nguvu kuliko karatasi yenyewe.

Mfumo wa kufungua mapanga umenifurahisha kweli. Roketi inapopaa, mapanga yamekunjwa ubavuni mwa bomba la juu, na ncha zake zimechomekwa chini ya ukosi wa bomba la chini. Rababendi zinayavuta wakati wote yafunguke, ila ukosi unayazuia. Bomba likiachana, ukosi unabaki na kipande cha chini, na mapanga yanafunguka yenyewe. Hakuna uzi wa kuunguzwa wala kamba ya kukatwa. Kwa kuwa hakuna parachuti ya kuyeyuka, huhitaji hata ile karatasi isiyoshika moto inayowekwa juu ya injini. Rababendi tu ndizo za kuangalia: joto na masizi ya baruti huzikausha, kwa hiyo mimi nafunga mpya kila ninaporusha. Zilizokuja na seti ni chache mno.

Kabla ya kupaka rangi, kidondoshe kipande cha juu kutoka juu ya ngazi za ghorofa. Hili nalo hulikuti kwenye kijitabu. Kikiwa sawa, kinashika mzunguko kabla hakijafika mbali na kutua kwa miguu, yaani pua chini. Kikiyumba, rudi kwenye mizani. Kikichelewa kuzunguka, kagua pembe ya mapanga.

Kiungio kati ya vipande viwili kinahitaji subira. Kikiwa kimebana sana, chaji haitakitoa, na roketi nzima itarudi pua chini kama mkuki. Hapo ni hatari, si hasara tu. Kikiwa kimelegea, kuna balaa jingine: injini inapozima, kipande cha chini chenye mapezi makubwa kinazuiwa na hewa zaidi kuliko cha juu, kwa hiyo kinabaki nyuma na roketi inaachana ikiwa bado kwenye kasi. Kipimo cha wazoefu ni hiki: ishike roketi kwa pua, inyanyue. Ikae. Itikise, ianze kuteleza. Ukiona imebana, pitisha msasa laini na poda ya watoto; ikilegea, zungusha selotepu ya karatasi. Na ipime siku hiyohiyo ya kurusha, uwanjani, kwa sababu unyevu wa majira ya joto ya Iowa unavimbisha karatasi. Iliyoteleza vizuri jikoni Ijumaa inaweza kugoma Jumamosi.

Sasa injini. Nimetumia za kampuni ya Estes, za baruti nyeusi, kipenyo milimita 18 na urefu milimita 70. Zimeandikwa namba kama C6-5. Herufi ni jumla ya msukumo wa injini tangu iwake mpaka izime, unaohesabiwa kwa newtoni-sekunde, na kikomo cha kila herufi ni mara mbili ya iliyotangulia. C inaishia newtoni-sekunde 10. Namba 6 ni msukumo wa wastani kwa newtoni. Namba ya mwisho ni sekunde za kusubiri tangu msukumo uishe mpaka chaji ya kutenganisha iwake. Jedwali la seti linapendekeza C6-5. Mimi nasema usiifuate. Roketi iliyokunja mapanga ubavuni haikati hewa vizuri, inachoka mapema. Sekunde tano zikiisha, imeshageuza pua na kuanza kuchota kasi kuelekea chini, na mapanga yanafunguka kwenye upepo mkali kuliko yalivyojengewa. Bawaba moja iling'oka kwa sababu hiyohiyo. Kwa C6-3 inaachana karibu kabisa na kilele, ikiwa kama imesimama, na tangu nihamie huko hakuna panga lililovunjika angani.

Uwanjani msimamizi wa usalama alivutiwa nayo. Aliishika, akauliza vipande vinashukaje, akavuta kiungio kwa mkono wake mwenyewe, ndipo akairuhusu ipande kwenye nondo ya kurushia. Kanuni za NAR zinataka usimame angalau mita 5 kutoka kwenye roketi kwa injini za D na ndogo zaidi, uwanja wa injini za C uwe na upana usiopungua kama mita 122, na ikigoma kuwaka uchomoe ufunguo wa usalama kisha usubiri dakika nzima kabla ya kuisogelea. Upepo ukizidi kilomita 32 kwa saa hakuna kurusha. Kwa roketi hii mimi naacha mapema kuliko hapo.

Sababu ni utafutaji. Nilidhani kukosa parachuti kutanipunguzia mwendo wa kuifuata. Nusu ni kweli. Kipande cha chini kinashuka haraka na kutua jirani. Cha juu kinaelea karibu kama parachuti, na upepo unakipeleka unakotaka wenyewe. Kwa hiyo una vitu viwili, kwa kasi mbili, katika pande mbili, na macho mawili tu. Nenda na mtu. Mgawane kabla ya kubonyeza kitufe, huyu wa juu, yule wa chini, na hakuna kuchungulia cha mwenzio. Kijani au kahawia ni rangi za kujitafutia shida: mwezi wa Julai mahindi ya huku yanampita mtu mzima urefu. Cha juu nimekipaka waridi kali, cha chini rangi ya chungwa.

Lakini ule mshuko, jamani! Parachuti ukiiona mara moja umeiona. Hii kila mara watu wanaacha kukunja viti vyao na kuangalia juu. Mapanga yanasikika yakivuma kabla kipande hakijagusa nyasi.

Shemeji yangu wa Morogoro aliuliza kama naweza kumbebea mwanawe moja. Injini haziwezekani: ndege za abiria haziruhusu injini za roketi, si kwenye begi la mkononi wala la chini, na baruti ukifika nayo nyumbani ina sheria zake. Nimemwahidi kipande cha juu peke yake pamoja na balsa ya akiba. Kinadondoshwa kutoka ghorofani na kinafundisha karibu kila kitu nilichoeleza hapa.

Naipa nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa ajili ya kijitabu na jedwali la injini. Ukiagiza, ongeza bawaba mbili tatu za ziada na pakiti ya rababendi nyembamba, kwa sababu duka nililonunulia haliuzi vipuri vyake kimoja kimoja.