Kula mtaani Guangzhou: agiza kile duka linachokijua

Kwa anayekuja Guangzhou kuchukua mzigo, chakula kizuri hakiko kwenye mgahawa wenye menyu nene kama kitabu na picha za kila kinachopikwa China. Kiko kwenye vijiduka vya meza sita au nane vinavyouza kitu kimoja. Vyakula vingine ukutani vimewekwa ili mteja asitoke mikono mitupu, lakini tazama wenyeji waliokaa humo: karibu wote wana bakuli linalofanana. Hicho ndicho kinachopikwa kila dakika, na hicho ndicho cha kuagiza. Nimekula zaidi Xiaobei na Sanyuanli, ambako wafanyabiashara wetu wengi hufikia, kwa hiyo bei ninazotaja ni za maeneo hayo.

Alama za juu kabisa nawapa watu wa lamian, tambi za kuvuta kwa mkono. Bango huandikwa Lanzhou, mji wa asili wa tambi hizi, ingawa wenye maduka wengi ni Waislamu kutoka Hualong, mkoa wa Qinghai. Tafuta maandishi 清真 juu ya mlango, mara nyingi na Kiarabu pembeni: hapo nyama ni halali na nguruwe haingii jikoni. Bakuli la tambi na supu ya ng'ombe ni RMB (yuan, pesa ya China) 12 hadi 18.

Kaa mahali unapomwona mpishi. Anakata donge la unga la bakuli moja, analiviringisha liwe kama mche, analivuta hadi mikono imetanuka, analikunja katikati, analivuta tena. Kila mkunjo unazidisha nyuzi mara mbili, kwa hiyo mikunjo saba ni nyuzi 128 na minane ni 256. Zisikatike kwa sababu gani? Ngano yenye nguvu, mapumziko ya donge, na maji ya alkali. Zamani walichoma mmea wa nyikani wakatumia majivu yake, wakiyaita penghui. Siku hizi ni unga wa pakiti unaofanya kazi ya magadi. Ukizidishwa, tambi zinakuwa na uchungu fulani wa sabuni mwisho wa ulimi. Ukionja hivyo, usirudi.

Unene unachagua mwenyewe, na watu wengi hawajui hilo, wanapokea chochote. Xi ni nyembamba, er xi ni za wastani, jiuye ni bapa, kuan ni pana. Mimi nasimamia er xi. Zile nyembamba zinaendelea kuiva ndani ya supu, na baada ya dakika tano za kupiga picha na kujibu meseji zimevimba na zimekuwa uji. Kwa sababu hiyohiyo, ukibeba chakula uende nacho hotelini, omba supu ifungwe peke yake.

Supu nzuri ni nyepesi na angavu. Vipande vya figili viwe vyeupe, mafuta ya pilipili mekundu juu, majani mabichi ya giligilani na kitunguu saumu, tambi zenye umanjano kidogo. Supu iliyokolea weupe kama maziwa si ya aina hii, na ile iliyotulia bila harufu ya mfupa ni ya unga wa pakiti. Nyama itakuwa vipande vichache vyembamba kama karatasi. Hujapunjwa, ndivyo inavyouzwa. Ukitaka zaidi sema jia rou ulipie nyongeza, au ongeza yai la kuchemsha. Siki nyeusi iliyoko mezani itie ukifika nusu ya bakuli, kijiko kimoja, usiitie mwanzoni.

Mkiwa watatu au wanne, maduka haya yana pia da pan ji: kuku, viazi na pilipili hoho kwenye sinia. Kuku hukatwa na mfupa wake kwa panga, kwa hiyo tafuna polepole, vibanzi vya mfupa vipo. Usimalize mchuzi. Tambi pana huletwa baadaye zichanganywe humo, na wale waliokwisha kufuta sinia kwa mkate hubaki na tambi kavu.

Nje ya maduka ya 清真 mambo ni mengine. Kwenye menyu ya kawaida, rou ikiandikwa peke yake bila jina la mnyama ni nguruwe. Na kusema huli kitimoto hakutoshi, maana mhudumu anafikiria vipande vya nyama. Hafikirii mafuta yaliyokaangia mboga za chainizi, wala nyama ya kusaga iliyotupiwa juu ya tofu. Mwenye masharti ya dini asijidanganye kwa tafsiri ya simu, akae kwenye 清真 tu. Vyakula vilivyobaki hapa chini ni kwa asiye na masharti hayo.

Baozaifan ni wali wa chunguni, na hapa Wakantoni wanastahili heshima. Mchele mbichi unaanza kwenye chungu kidogo juu ya moto wa gesi, nyama inawekwa juu maji yanapokaribia kukauka, kisha chungu kinazungushwa ubavu kwa ubavu ili ukoko ushike pande zote. Kazi hiyo inachukua dakika 15 hadi 20. Kikikufikia dakika tano baada ya kuagiza, wali ulipikwa kwingine ukahamishiwa humo, na ukoko hutaupata. Mwagia sosi ya soya kuzunguka ukingo, funika dakika moja, kisha koroga kutoka chini. Kinachofahamika zaidi kina soseji za nguruwe; mimi nachagua ng'ombe na yai, au kuku na uyoga. RMB 20 na kitu. Usishike chungu kwa mkono, hata baada ya robo saa.

Asubuhi kula changfen. Uji wa mchele unamwagwa kwenye trei, unapigwa mvuke dakika moja au mbili, unakwanguliwa na kukunjwa, unamwagiwa sosi tamu ya soya. Ya yai ni chini ya RMB 10 na inatosha hadi saa sita mchana. Ngozi iwe nyembamba kiasi cha kuona kilichomo. Ikiwa nene na inanata kwenye meno, uji ulikuwa mzito.

Malatang, supu ya viungo unayojichagulia vya kupikwa, ndiyo watu wanayolalamikia bei, na kosa ni la mizani. Unajaza bakuli mwenyewe kwenye friji, linapimwa kabla ya kupikwa, na bei iliyo ukutani ni ya jin moja, yaani nusu kilo. Si ya kilo. Viazi, mahindi na tofu iliyolowa maji vinakula pesa. Kung'uta majani, chukua tambi kavu badala ya zilizolowekwa, na ruka vile vidonge vya "nyama ya kaa", ni samaki wa kusaga na wanga. Pilipili omba kidogo kabisa, wei la, maana ile ya Sichuan haichomi tu, inakufisha midomo ganzi.

Chai ya asubuhi yenye vikapu vya mvuke sitaisema sana. Ni nzuri, lakini inataka saa mbili ambazo mwenye miadi ya kiwanda hana. Jua tu kwamba unalipia chai kwa kila kichwa hata usipoinywa, na kwamba vyombo vilivyofungwa kwa plastiki vinaweza kuingizwa kwenye bili. Maji ya moto ya kwanza ni ya kusuuzia bakuli na vijiti. Usiyanywe.

Kabla ya kukaa popote, angalia kibao cha ukaguzi wa usafi ukutani: uso wa katuni unaocheka na A ndiyo daraja la juu, C una mdomo ulionyooka. Samaki aliye hai kwenye tangi hupimwa kwa jin pia. Uliza bei na uone uzito kabla hajapigwa kichwa.

Malipo ni kwa kuskani QR ya mezani. Noti wanatakiwa kuzipokea, lakini mwenye kibanda mara nyingi hana chenji. Sajili Alipay au WeChat, programu za kulipia kwa simu, na kadi yako ya Visa au Mastercard ukiwa bado nyumbani, kwani uthibitisho unaweza kudai ujumbe kwenye laini yako ya kawaida. Kwa kadi ya nje, malipo yasiyozidi RMB 200 hayana ada, yakipita hapo inakatwa asilimia 3. Kwa hiyo kwenye meza ya watu wengi, kila mtu askani alipe chake.