Safari ya reli Jinja hadi Namasagali: walivyomvunjia heshima Mzee wetu

Naandika nikiwa bado na hasira, mnivumilie. Jina la kampuni silitaji. Ni ya utalii, ofisi yao iko Kampala, na wanauza kitu wanachokiita safari ya urithi wa reli. Kama umeshatoa malipo ya awali, soma hadi mwisho kabla hujamalizia yaliyobaki.

Sisi ni kikundi kidogo cha wapenzi wa gari moshi. Tumejenga reli ndogo ya bustani nyuma ya nyumba ya mwenzetu huko Mukono, reli hasa, yenye kona, pointi za kubadilishia njia, stesheni na daraja juu ya mfereji. Upana wake ni milimita 45, kipimo ambacho Wajerumani wa LGB, watengenezaji wa treni za bustani, walianza nacho mwaka 1968. Ukigawa mita moja kwa 22.5 unapata karibu hiyo hiyo 45, na reli yetu ya Uganda ina upana wa mita moja. Kwa hiyo tunachokijenga pale bustanini ni reli ya kwetu, ila imepunguzwa.

Kuitunza ni kazi. Mvua za Machi hadi Mei zinabeba kokoto zote zinazipeleka kwenye migomba. Nyasi za paspalum zinapita chini ya reli na kuinyanyua, usipozing'oa mapema treni inaanguka konani. Umeme wa kwenye reli tuliuacha zamani, maana kila asubuhi ilibidi kusugua ukungu na utomvu wa fenesi. Sasa kichwa cha treni kinabeba betri yake. Lakini adui mkubwa ni mchwa. Mataruma yetu ya mwanzo, vile vipande vinavyolazwa chini ya reli kuishikilia, yalikuwa ya mbao, na mchwa waliyala kwa ndani hadi ukigusa kwa kidole linabomoka.

Mzee wetu ndiye aliyetufungua macho. Alifanya kazi miaka mingi kwenye karakana ya vichwa vya treni Nalukolongo, sasa amestaafu, na Jumamosi hakosi. Akasema waliotandika reli kutoka Mombasa hawakuwa wajinga: walitumia mataruma ya chuma kwa sababu mbao zingeliwa na mchwa. Basi tukakubaliana tukunje ya bati kwa mafundi wa chuma wa Katwe, Kampala, lakini kwa kipimo cha kweli, upana wa juu, kina cha mkunjo, ncha zinavyoinama kuingia kwenye kokoto. Mzee alitaka apime mwenyewe taruma la zamani la njia ya Busoga, ile ya Jinja hadi Namasagali. Ndiyo maana kiangazi kilichopita tukalipia safari hiyo. Tuliwaeleza ofisini kila kitu, wakaitikia kwa tabasamu.

Mabaya yalianzia garini, hata msitu wa Mabira hatujaumaliza. Kijana wa kutuongoza alishika kipaza sauti akatangaza kwamba gari moshi liliingia Kampala mwaka 1901. Mzee akamsubiri amalize, kisha kwa upole kabisa akamwambia, "Mwanangu, 1901 reli ilifika Kisumu. Watu na mizigo walivuka ziwa kwa meli. Gari moshi lenyewe liliingia Kampala 1931, baada ya daraja la Jinja." Hakuinua sauti, na hakumcheka. Kijana akajibu, "Mzee, mimi nimesomea utalii."

Kuanzia hapo alikuwa na kinyongo, na kinyongo hicho tulikilipia wote.

Jinja kuna makumbusho ya reli, yalifunguliwa 2022 pale eneo la stesheni. Jamani, nendeni. Kwa mtu aliyezoea kusikia reli ikitajwa kama kitu kilichokufa, kuona historia ya watu wa reli imewekwa kwa heshima namna ile kunagusa moyo. Wenyeji wa pale hawana hatia yoyote katika malalamiko haya, walitupokea vizuri, na mmoja wao alimkalisha Mzee akaanza kumuuliza habari za karakana. Sisi tulikuwa tumesimama tunasikiliza. Kijana akaja akipiga makofi, twende, twende, mashua inasubiri. Mashua ya chanzo cha Nile! Nani aliomba mashua? Tukapelekwa mtoni, tukapelekwa kwenye maduka ya vinyago, tukakalishwa hotelini tukingoja chakula hadi jua likaanza kuinama. Reli ilipewa muda wa kumaliza soda.

Namasagali tulifika tumechelewa. Kwa asiyepajua, hapo ndipo ilipoishia Reli ya Busoga ya mwaka 1912, kutoka Jinja. Pamba ilishuka kwa gari moshi kuja Jinja, na meli zilitoka gati la Namasagali kwenda Ziwa Kyoga hadi Masindi Port. Maji yalipopanda mwanzoni mwa miaka ya 1960 bandari ikaharibika, baadaye majengo yakawa shule. Leo ukisimama pale unaona mto umetulia na magugu yake, na lazima mtu akuambie kwamba hapa palikuwa na kelele za bandari.

Karibu na njia tukaona ua wa mifugo, na baadhi ya nguzo zake zilikuwa mataruma ya chuma yaliyosimamishwa wima. Mzee alifurahi mpaka akavua kofia. Akaomba ruhusa kwa mama mwenye boma, akapewa, akapiga magoti, akatoa futi yake. Alikuwa anapitisha kidole gumba kwenye matundu ya kufungia reli, anafuta kutu, ananisomea namba nami naandika. Honi ikalia. Ikalia tena. Yule kijana akaja hadi pale na kusema mbele ya mwenye nyumba na watoto wake: "Mzee, inuka. Watu wazima hawaji mbali hivi kupima chuma chakavu."

Mzee akakunja futi. Hakujibu. Alijiinua kwa kushika ile nguzo, akamshukuru mama, akaenda garini. Tulikuwa tumebakiza kina na ncha.

Nilimwambia kijana aombe radhi. Akasema ratiba ni ratiba. Ratiba ipi, wakati saa zetu zimeliwa hotelini walikokula wao bure?

Haki lazima niitoe pia. Dereva alikuwa mtu. Yeye hakupiga honi, honi ilipigwa na kijana akiingiza mkono dirishani. Dereva alishuka, akamfungulia Mzee mlango, akampa maji, na tulipokuwa tunarudi akapunguza mwendo penye tuta la zamani la reli bila kuambiwa, ili Mzee aone. Gari lilikuwa safi na lilikuwa zima. Kwa ajili ya dereva nilikusudia kuwapa nyota mbili, hata tatu, nikijisemea huenda ni kijana mmoja tu amewaharibia jina.

Kisha nikapiga simu ofisini. Dada aliyepokea akanisikiliza, akaniambia mwongozaji wao amelalamika kwamba katika kikundi chetu kuna mzee msumbufu. Msumbufu! Mtu aliyewatengenezea vichwa vya treni baba zao wakasafiri. Akanipa punguzo kwa safari ijayo. Punguzo la nini? Nimerudi kwenye nyota moja, na hiyo moja ni ya dereva, wao wasijihesabie.

Mwenye kutaka kuiona njia hiyo aende mwenyewe, haina ugumu. Panda taksi ya Jinja, kaa makumbusho kadiri upendavyo, kesho yake chukua taksi ya Kamuli, halafu boda hadi Namasagali. Njiani ulizia Mbulamuti, ambako njia ya kutoka Tororo iliungana na ya Busoga mwaka 1928. Wazee wa huko wanasimulia usipowaharakisha. Omba ruhusa kabla ya kugusa nguzo ya mtu.

Sisi tutarudi kiangazi kijacho kupima kina na ncha, na Mzee ndiye atakayeongoza. Dereva nimechukua namba yake. Kampuni nimewaambia punguzo lao wabaki nalo, wamlete yule kijana Mukono siku ya Jumamosi amwombe Mzee radhi mbele yetu sote. Mpaka sasa wamenyamaza, na maneno yangu yatakaa hapa hivi yalivyo.