Tulichelewa dakika 20 na meza bado tukapewa

Nawapa nyota 4 kati ya 5 hawa wa mgahawa wa ndani ya bustani ya burudani, na kosa lilikuwa letu kabisa. Tulibuku meza ya watu sita mwezi mzima kabla, saa saba na nusu mchana, maana msimu wa likizo ukitokea tu mlangoni bila kubuku wanakurudisha. Sasa siku yenyewe saa saba kasoro tukaona mchezo wa treni ya kasi wameandika foleni dakika 25, tukasema hii tunawahi, kumbe katikati wakaisimamisha kuikagua, na ukishaingia kwenye zile kamba kugeuka na watoto upite katikati ya watu wote wale ni shughuli. Tumetoka pale saa saba na dakika ishirini na tano na mgahawa uko upande wa pili wa bustani, mdogo anataka choo, njia kubwa imefungwa gwaride linapita.

Kilichotuokoa ni simu. Mke wangu tukiwa bado kwenye foleni alijaribu kusogeza muda kwenye apu, nafasi zote zimejaa, akapiga. Dada aliyepokea hakufoka, kauliza tumebuku kwa jina gani, tuko wangapi, tumefika wapi, akasema wao meza wanaishikilia dakika 15 tu halafu anapewa anayesubiri, ila kwa kuwa mmetoa taarifa naandika hapa, mkifika mtakaa kidogo. Tukamtanguliza shemeji akatuandikishe, na hili jamani lishikeni, muda unahesabiwa mpaka ujitambulishe pale mapokezi ya mgahawa, siyo ukishapita geti la bustani. Watu wengi wanachanganya hapo.

Tulisubiri kama dakika 25 hivi tukaitwa. Hiyo kwangu ni haki kabisa kwa sababu meza ya sita mara nyingi ni meza mbili zimeunganishwa, wakikushikilia wewe kuna familia nyingine imesimama nje na watoto wana njaa.

Mbele yetu kulikuwa na baba mmoja na familia yake, wamechelewa nusu saa na hawakusema kitu, meza imeshaenda na kadi inakatwa faini kwa kila kichwa. Aliumia sana na nilimuonea huruma, lakini masharti yameandikwa pale unapobuku, na kufuta bila kukatwa unaruhusiwa mpaka masaa mawili kabla. Ukiona siku imeshavurugika futa mapema, mwingine apate.

Chakula kizuri, kilikuja haraka, wahudumu wana heshima hata kwa sisi tuliowavurugia ratiba.

Nyota moja nimeikata kwa ajili ya apu. Haina sehemu ya kusema nachelewa, lazima upige, na simu ilishikiliwa karibu dakika 10 wakati dakika zenyewe ndizo zinatuishia. Wakiweka kitufe kimoja tu cha kutoa taarifa nawarudishia nyota yao.