Stevie Wonder au Coolio?

Zile fidla ambazo wengi wakizisikia wanamtaja rapa Coolio ni za mwimbaji Stevie Wonder, kwenye wimbo wake Pastime Paradise wa 1976. Tena si fidla: ni kinanda cha umeme, Yamaha GX-1. Kwa Stevie wimbo unapanda polepole, mwishoni kwaya inaimba pamoja na waimbaji wa Hare Krishna, kundi la dini ya Kihindu, na anawasema wanaoishi kwa ya jana. Coolio, 1995, katika Gangsta's Paradise, iliyojengwa juu ya wimbo huo wa Stevie, aliongeza besi nzito, akafungua na Zaburi ya 23, kiitikio akamwachia mwimbaji L.V. Matusi hamna, Stevie aliyakataa. Mwaka 1996 mchekeshaji "Weird Al" Yankovic akaugeuza wimbo wa Coolio kuwa utani kuhusu Waamishi, Wakristo wa Marekani wanaokwepa teknolojia ya kisasa. Nikiwa na spika nzuri, nachagua Stevie. Kwenye daladala, Coolio.