Injini ya MX-5 ndani ya Morris Minor: vyuma vizuri, nyaya za kulia nazo

Gari la baba ni Morris Minor ya mwaka 1967, ya milango miwili. Lilitoka kiwandani na injini ya cc 1098, kabureta moja ya SU, nguvu farasi 48. Leo chini ya boneti ile ile kuna injini ya Mazda MX-5, gari dogo la michezo la Kijapani, ya cc 1597, kamshafti mbili, vali 16, inayopuliziwa petroli kwa nozeli, na nyuma yake giaboksi yake yenyewe ya gia tano. Nimelitumia hivyo miezi 14, karibu kila siku, mvua na jua. Ninachosema hapa kuhusu seti niliyonunua ya kubadilishia injini kinatokana na kukaa nayo barabarani, si furaha ya siku ya kufungua maboksi.

Niseme mapema: vyuma vyake ni kazi safi sana. Nyaya zake nisingemuuzia mtu yeyote.

Injini ya zamani haikuwa mbovu. Ilikuwa imechoka, na mimi nilitaka gari la kwenda nalo kazini, sio la kuoshwa na kufunikwa turubai. Foleni ikiwa ndefu petroli ilikuwa inachemka kwenye paipu na gari linazima. Asubuhi za baridi ni kuvuta choki na kusubiri. Kwenye kilima kirefu nilishuka gia ya tatu, kisha ya pili, huku malori yakinijia nyuma. Nilikuwa na mambo mawili tu ya kuchagua: kuifanyia ovahoo, au kutafuta injini ya kisasa inayoweza kukaa humo kwa urefu, kwa sababu Minor huendeshwa na magurudumu ya nyuma. Injini nyingi ndogo za siku hizi hukaa kwa mapana na kuvuta magurudumu ya mbele. MX-5 ya kwanza, iliyoanza kuuzwa mwaka 1989, ni ndogo, inakaa kwa urefu, na inakuja na giaboksi inayoifaa.

Seti yenyewe ilikuwa na maunti (vishikio) mbili za injini, chuma cha kubebea giaboksi, propela shafti iliyokatwa kwa kipimo, bomba la mwanzo la eksozi, kifuniko kipya cha giaboksi cha kufunga sakafuni, pampu ya petroli na fungu la nyaya. Injini unaitafuta mwenyewe.

Kwenye kutafuta injini, kuwa makini na jambo moja. Injini za 1.6 (lita, yaani hizi za cc 1597) za miaka ya mwanzo zina krenki, ule mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini, yenye pua fupi, na kipande kidogo cha chuma kinachoitwa ufunguo, kinachoshika puli ya mbele, hulegea, ukala njia yake ndani ya krenki. Ikishafikia hapo taiming inayumba na nguvu inapotea. Ukitazama puli ya chini mbele ya injini, ile ya pua fupi ina mianya minne, ya pua ndefu ina minane. Mimi nilienda na tochi, nikafuta grisi kwa kitambaa, nikahesabu mara mbili. Minane. Nikalipa.

Kilichonifurahisha zaidi kwenye vyuma ni namna walivyoshughulikia giaboksi. Ndani ya MX-5 giaboksi haina maunti yake. Inashikwa na fremu ndefu ya alumini inayoiunganisha na difu, sanduku la gia la ekseli ya nyuma. Ukiiondoa fremu hiyo, mkia wa giaboksi unabaki hauna wa kuubeba. Wengi huchomelea kipande chochote cha chuma na kuweka mpira wa gari jingine, halafu baada ya miezi miwili wanalalamika kwamba gia haziingii vizuri. Hawa wametengeneza kiti kinachofungwa kwenye matundu ya bolti yaliyopo upande wa giaboksi, na upande wa bodi kinatumia matundu ya Minor yenyewe. Nilikipandisha peke yangu nikiwa nimelala chini ya gari, jeki chini ya giaboksi, na bolti zote nne ziliingia kwa vidole kabla sijashika spana. Kwa mtu aliyewahi kufanya kazi hii na seti nyingine, hilo ni jambo la kusimulia.

Maunti za injini nazo zilikaa bila kukata kitu. Boneti inafunga. Feni ya zamani haina nafasi tena, kwa hiyo radieta inapozwa na feni ya umeme, na ununue nzuri.

Sasa nyaya.

Zote zilikuwa nyeusi. Kila moja ilikuwa na kikaratasi kilichogundishwa kwa gundi ya plastiki, na vikaratasi vingine vilikuwa vimeshabanduka ndani ya boksi. Maelekezo yalikuwa kurasa mbili, na hayakugusa kabisa jambo la kwanza ambalo mwenye gari la Kiingereza la enzi hizo anatakiwa kuambiwa: gari langu lilikuwa bado limefungwa kizamani, ncha chanya ya betri ndiyo iliyoshikwa kwenye bodi. Kompyuta ya injini inataka hasi kwenye bodi. Ukiiunganisha hivyo hivyo unaiua papo hapo. Taa na honi hazijali, dinamo inatoka maana altaneta ya Mazda inachukua nafasi yake, lakini ukiwa na redio ya zamani au mota ya hita, ziangalie kabla ya kugeuza. Nashukuru nilikuwa naye fundi umeme, mzee mmoja mtulivu, ambaye kabla ya kugusa chochote aliweka mita kwenye betri na kunyamaza. Kisha akasema, "Dada, anza kwa kugeuza hii. Mengine yote baadaye."

Siku ya kuwasha, injini ilishika mara ya kwanza, ikanguruma kama sekunde moja, ikazima. Tukarudia. Ikashika, ikazima. Kaka yangu akasema plagi, mimi nikasema kompyuta imekufa. Mzee akafungua boksi la chujio la hewa, akaingiza kidole ndani ya mita ya hewa, akasukuma kile kibao chenye springi. Swichi ya gari ikiwa imefunguliwa, pampu inatakiwa kuunguruma mara tu kibao kinaposogea, kwa sababu kwenye 1.6 hiyo ndiyo ishara kwamba injini inavuta hewa. Wakati wa kupiga stata pampu inapewa umeme kwa njia nyingine. Ukiachia ufunguo, inategemea kibao. Alisukuma. Kimya. Nilikuwa nimeweka kiganja juu ya pampu na sikuhisi hata mtetemo. Waya wa swichi ya kibao ulikuwa umechomekwa tundu la jirani kwenye soketi, na umetoka hivyo kwa waliouza. Tuliuhamisha, akasukuma tena, na nikahisi pampu inaamka chini ya kiganja changu. Injini ikawaka na haikuzima tena.

Kosa moja mtu anaweza kulisamehe. Tulikuta matatu. Wikendi tatu zilikwenda kwenye nyaya peke yake, na nilipowaandikia wauzaji walijibu kwamba ni lazima mimi ndiye niliyechanganya.

Petroli nayo ina deni lake. Kabureta inaridhika na pampu inayosukuma kwa sehemu ndogo tu ya baa moja (kipimo cha shinikizo). Nozeli hizi zinataka karibu baa tatu, muda wote, na petroli isiyotumika lazima irudi kwenye tenki. Kwa hiyo kila hosi ya zamani inatoka, inaingia ya nozeli, na klipu zake pia. Tenki la Minor halina paipu ya kurudishia, na halina kuta za ndani za kuzuia petroli kuhama. Pampu ya kwenye seti ni nzuri, lakini waliiacha ivute moja kwa moja kutoka tenki hilo. Matokeo niliyaona wiki ya pili: tenki likiwa chini ya robo, nikikata kona ndefu, gari linakwama kwama kisha linajirudi. Dawa ni kitenki kidogo cha lita moja hivi, kinachojazwa na pampu nyepesi na ndicho ambacho pampu kubwa inanyonya. Kitu hicho kilipaswa kuwemo kwenye boksi. Na tafadhali, paipu ya kurudishia ikihitaji kuchomelewa, mpe kazi hiyo mtu anayejua kusafisha tenki kwanza. Tenki tupu lenye mvuke wa petroli linalipuka.

Breki nilizifanya kabla ya injini kuingia, na hapa sina mjadala. Minor ina ngoma magurudumu yote manne, na masta silinda (pampu kuu ya breki) moja iliyojificha chini ya sakafu upande wa dereva. Kuongeza mafuta ya breki ni kuinua zulia na kufungua kifuniko. Ikivuja sehemu moja, huna breki popote. Nimeweka diski mbele, masta silinda yenye njia mbili, na shokapu za bomba. Wauzaji wa seti walitaja breki kwa sentensi moja mwishoni. Ingekuwa ya kwanza, kwa herufi kubwa, maana farasi wameongezeka kutoka 48 hadi takriban 115.

Difu nimeiacha. Ya Minor 1098 ina uwiano wa 4.22, ya MX-5 ya 1.6 ni 4.3, kwa hiyo gia zinakaa karibu kama zilivyokusudiwa, na gia ya tano inashusha kelele barabara kuu. Shafti za nyuma ni zile zile za mwaka 1967. Siachii klachi kwa fujo, nazo hazijanisumbua.

Mama alipopanda mara ya kwanza alikaa kimya mpaka tukafika juu ya kilima kile, gia ya nne, hatujashuka hata moja. Ndipo akauliza, "Mbona halilii tena kama la baba yako?" Ni kweli. Mlio ule wa eksozi ukiachia aksilereta umeondoka, na mimi pia naukosa.

Ningenunua tena vyuma vyake, kesho. Nyaya ningetengenezewa na fundi wangu kuanzia mwanzo, zenye rangi, na kitenki ningekiweka siku ile ile. Nyota tatu kati ya tano, na zote tatu ni za yule aliyepima matundu ya bolti. Kwa sababu yake hatukukata bodi popote. Kifuniko cha asili cha giaboksi kipo ukutani, na injini ya baba iko chini ya meza ya kazi, imepakwa oili na kufungwa nailoni, na maunti zake ziko kwenye kopo kando yake pamoja na bolti zake zote.