Kipigo kipi kilizidi: cha Frazier 1973 au cha Spinks 1988?
Mabondia wote wawili waliopigwa, Frazier na Spinks, walipanda ulingoni wakiwa hawajapoteza pambano hata moja. Mike Tyson alimmaliza Michael Spinks kwa sekunde 91 tu, Atlantic City, Juni 1988, na Spinks hakupigana tena.

Kingston, Jamaika, Januari 1973, ni habari nyingine. George Foreman alimwangusha Joe Frazier mara sita ndani ya raundi mbili. Frazier yule yule aliyemshinda Muhammad Ali 1971! Aliinuka mara zote sita, mpaka refa akasimamisha pambano. Kwangu hiki ndicho kilichozidi, maana silaha ya Frazier mwenyewe ndiyo iliyomponza: alizoea kumwingilia mpinzani akiwa ameinama, na ngumi za Foreman za kutoka chini zikamkuta hapo hapo. Spinks hakupata hata nafasi ya kujaribu.