Ngome ya Agra au Ngome Nyekundu ya Delhi?

Ukiwa na siku moja tu, nenda Agra. Akbar, mfalme wa nasaba ya Mughal iliyotawala India, aliijenga upya ngome hiyo kuanzia 1565 kwa mawe mekundu. Mjukuu wake Shah Jahan akaongeza kumbi za marumaru nyeupe, kisha mwanawe Aurangzeb akamfungia humohumo tangu 1658 hadi alipofariki 1666. Ndani ya Musamman Burj, mnara wa pembe nane ngomeni humo, maua ya vijiwe vya rangi yamepachikwa kwenye marumaru, na Taj Mahal inaonekana pale mto Yamuna unapopinda.

Ya Delhi (1639–1648), kazi ya Shah Jahan huyohuyo, ina mpangilio nadhifu zaidi: mfereji wa maji ulipita katikati ya kumbi. Ila Waingereza walibomoa sehemu kubwa baada ya uasi wa Wahindi dhidi yao wa 1857, wakasimamisha kambi za askari, tena zisizopendeza hata kidogo. Kiti cha Tausi, kiti cha enzi kilichokuwa humo, alishakibeba Nadir Shah, mtawala wa Uajemi, mwaka 1739.